Ajira Pwani: Vizingiti vinavyowakabili vijana wa Kilifi na Malindi

KUTOKA Mtwapa hadi Ngomeni, ufuo wa Kaunti ya Kilifi umejaa hoteli za watalii, mashamba ya mkonge, viwanda vya saruji na mabwawa ya chumvi. Si eneo lisilo na kazi. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne moja malalamishi ya wenyeji wake hayajabadilika: kwamba kazi zenye mshahara wa mwezi, marupurupu na usemi huwaendea wengine, nao wenyeji huachiwa kufagia, kubeba, kulinda lango na kuwachezea wageni ngoma.

Wapo wanaoyapuuza malalamishi hayo wakisema ni siasa za msimu wa kura. Wapo pia waliowahi kuyatumia kumwaga damu. Lakini sehemu kubwa yake ina msingi katika sheria, katika kumbukumbu za serikali na katika ripoti za tume rasmi, na haiwezi kueleweka bila kurudi nyuma hadi wakati ardhi ya Pwani ilipogawiwa wenye hati.

WENYEJI NI NANI?

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,453,787 katika kaunti hiyo yenye maeneobunge saba: Kilifi Kaskazini, Kilifi Kusini, Kaloleni, Rabai, Ganze, Malindi na Magarini. Wengi wao ni Wamijikenda, jina linalojumuisha jamii tisa. Wagiriama ndio wengi zaidi kaskazini na katika maeneo ya ndani. Wachonyi, Wakauma, Wakambe, Waribe, Wajibana na Warabai wameenea kusini, ilhali Wadigo na Waduruma wengi wao wako Kwale.

Pamoja nao wanaishi Waswahili na Wabajuni wa miji ya kale kama vile Malindi na Mambrui, Waarabu, Wahindi, wavuvi Wapemba, na Waata, wawindaji wa jadi ambao wengine huwaita Wasanye. Kuna watu wa bara waliofika kufanya kazi katika mashamba makubwa, serikalini na hotelini, wengi wao sasa wakiwa na watoto na wajukuu waliozaliwa papo hapo. Na kuna Waitaliano, ambao tangu miaka ya 1960 wameufanya mji wa Malindi uwe karibu nusu mji wao.

Katika mazingira kama haya, jina la mtu ni kitambulisho cha pili. Mkuu wa wafanyakazi anayefungua barua ya maombi iliyotiwa sahihi na Kazungu, Karisa, Kahindi, Kadzo au Sidi hahitaji kuuliza mwombaji ametoka wapi. Pamoja na jina hilo huja sifa ambazo mwombaji hakuziandika: kwamba mtu wa Pwani ni mpole, mwaminifu, hana makuu, ila hana haraka. Sifa hizo zinaonekana kuwa za heri. Ndizo zinazompa kazi ya upishi nyumbani au ya ulinzi wa usiku, na ndizo hizo hizo zinazomnyima cheo cha msimamizi.

LILIPOTOKA JINA LA "MVIVU"

Uingereza ilipotangaza himaya yake mnamo 1895, ukanda wa maili kumi kando ya bahari ulibaki kwa jina kuwa mali ya Sultani wa Zanzibar. Malindi ya karne ya 19 ilikuwa imestawi kwa mashamba ya nafaka yaliyolimwa na watumwa. Utumwa ulipofutwa katika ukanda huo mwaka wa 1907, na sheria ya hati za ardhi ikapitishwa mwaka uliofuata, waliotambuliwa kuwa wamiliki walikuwa hasa Waarabu, Waswahili, na baadhi ya Wahindi na Wazungu walioweza kuonyesha nyaraka au mashahidi. Watumwa wa zamani na Wamijikenda waliokuwa wakilima humo waligeuka maskwota. Neno hilo bado linatumika Kilifi, na bado linamaanisha watu wale wale.

Serikali ya kikoloni ilihitaji vibarua kwa ajili ya mashamba ya walowezi na ujenzi. Mnamo 1912 ilimtuma afisa aitwaye Arthur Champion kwenda kwa Wagiriama kukusanya kodi ya nyumba na kuhimiza vijana watoke wakafanye kazi za mshahara. Wagiriama walikataa, na sababu yao haikuwa uvivu. Walikuwa wakulima waliozalisha mahindi ya ziada, hasa katika ardhi yenye rutuba kaskazini mwa mto Sabaki, na wakiyauza pwani. Kijana aliyelima shamba la babake alipata zaidi ya aliyelima la mlowezi. Kwa hesabu ya kawaida ya kibiashara, kukataa kulikuwa uamuzi wa busara.

Mekatilili wa Menza alizunguka vijijini akiwaapisha watu wasitoe vijana wao, akisaidiwa na Wanje wa Mwadorikola. Wote wawili walikamatwa Oktoba 1913 na kupelekwa uhamishoni Kisii, mamia ya kilomita kutoka kwao. Mnamo Januari 1914 walitoroka na kurejea kwa miguu. Agosti mwaka huo, Vita Vikuu vya Kwanza vikiwa ndiyo kwanza vinaanza na jeshi likihitaji wapagazi, serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vilivyofuata viliwaacha Wagiriama wametozwa faini, wameamriwa kuhama upande wa kaskazini wa Sabaki na kutakiwa kutoa watu wa kazi.

Kwa kawaida Mekatilili hukumbukwa kama shujaa wa uhuru, na sanamu yake imesimamishwa mjini Malindi. Ni nadra kukumbukwa kwamba kiini cha mgogoro wake kilikuwa ajira: nani afanye kazi ya nani, kwa masharti ya nani. Maafisa walioshindwa kupata vibarua waliandika katika ripoti zao kwamba Mgiriama ni mvivu. Ukoloni uliondoka, lakini hukumu hiyo ilibaki midomoni mwa waajiri.

KIBARUA CHA BANDARINI

Hatua ya pili iliyowaathiri Wamijikenda haijulikani sana, ingawa huenda ndiyo iliyoacha alama ya kudumu zaidi katika ajira ya Pwani. Kwa miongo kadhaa, upakuzi wa meli katika bandari ya Mombasa ulitegemea vibarua wa siku. Mtu wa Rabai au Kaloleni aliweza kwenda bandarini siku chache, akapata fedha za kodi na nguo, kisha akarudi kupanda au kuvuna. Mpango huo ulimfaa mkulima aliyekuwa na shamba karibu.

Baada ya mgomo mkuu wa Mombasa wa mwaka 1947, serikali na makampuni ya upakuzi yaliona kwamba kibarua asiyetegemea mshahara pekee ni mgumu kutawalika. Katika miaka iliyofuata vibarua waliandikishwa, wakatakiwa kufika zamu kwa idadi maalumu kila mwezi, na hatimaye nafasi zikageuzwa kuwa ajira ya kudumu. Mabadiliko hayo yaliongeza mishahara na usalama wa kazi, jambo la manufaa bila shaka. Lakini yaliwafaa waliokuwa tayari kuhamia mjini moja kwa moja, wengi wao watu wa bara ambao shamba lao lilikuwa mbali mno kuliendea kila wiki. Idadi ya Wamijikenda miongoni mwa wapakuzi ilipungua.

Hakuna aliyeandika amri ya kuwabagua. Sheria ilikuwa moja kwa wote, na matokeo yake yakawa tofauti kwa kila jamii. Kwa kuwa kazi nyingi nchini hupatikana kwa kupashana habari kati ya ndugu na watu wa kijiji kimoja, waliotangulia kuandikishwa walifuatwa na wao wao. Mwanasheria wa leo angeuita huo ubaguzi usio wa moja kwa moja, nao umekatazwa na Sheria ya Ajira ya 2007. Katika miaka ya 1950 haukuwa na jina.

HOTELI NA MAJIRA YAKE

Utalii ulipoanza kukua baada ya uhuru, ulitarajiwa kuziba pengo hilo. Waitaliano walikuwa wamekwisha kufika Ngomeni kujenga kituo cha San Marco, ambako setilaiti yao ilirushwa Aprili 1967. Wafanyakazi wa kituo hicho na marafiki zao walikuwa miongoni mwa waliotangaza Malindi kwao. Hoteli, nyumba za kupangisha na mikahawa zikaenea hadi Watamu na Mambrui.

Mpangilio wa kazi ambao wafanyakazi wa hoteli hizo wamekuwa wakiueleza kwa miongo mingi unafanana na ngazi. Juu kabisa ni mmiliki au meneja wa kigeni. Katikati ni mhasibu, mkuu wa mapokezi na mpishi mkuu, ambao mara nyingi wametoka bara au ni wa jamii zilizotangulia kupata shule. Chini ni wasafishaji wa vyumba, watunza bustani, walinzi na wapiga ngoma, na hapo ndipo mwenyeji hupatikana kwa wingi. Zipo hoteli zilizovunja ngazi hiyo, na wapo Wagiriama waliopanda hadi umeneja. Wanatajwa kwa majina yao mitaani, jambo ambalo lenyewe linaonyesha walivyo wachache.

Sababu inayotolewa na waajiri ni mafunzo, nayo si ya uongo. Chuo cha Utalii kilichofunguliwa mwaka 1975 kilijengwa Nairobi, zaidi ya kilomita 500 kutoka ufuoni. Kijana wa Ganze aliyetaka cheti cha upishi alihitaji karo, nauli na ndugu wa kumpokea mji mkuu. Chuo cha Ronald Ngala huko Vipingo, kilichopewa jina la mwanasiasa Mgiriama aliyeongoza chama cha KADU, kilibuniwa ili kuondoa kikwazo hicho. Ujenzi wake ulioanza katika muongo wa 2010 ulikwama mara kwa mara, huku gharama iliyokadiriwa ikipanda kutoka takriban Sh2 bilioni hadi zaidi ya Sh8 bilioni. Waliomaliza kidato cha nne mwaka ulipoanza ujenzi sasa ni wazazi.

Kuna ujuzi mwingine ambao hauna cheti. Katika barabara na fuo za Malindi si ajabu kukuta kijana ambaye hakumaliza shule ya msingi akizungumza Kiitaliano chepesi na sahihi, alichojifunza kwa kuuza vinyago na kuongoza wageni. Katika nchi nyingine angehesabiwa kuwa mtaalamu wa lugha. Hapa huitwa bichiboi, hufukuzwa na askari wa hoteli, na hutakiwa kuwa na leseni ambayo wenzake wengi hawana. Hotelini, nafasi ya mkalimani humwendea mwenye diploma.

Ajira ya hoteli pia hufuata majira. Wageni hupungua kuanzia Aprili hadi Juni mvua za masika zinaponyesha, na wafanyakazi wengi hurudishwa nyumbani hadi Julai. Mikataba ya miezi mitatu au sita hurefushwa tena na tena, hivi kwamba mtu anaweza kutumikia hoteli moja miaka 15 bila kuwa mfanyakazi wake wa kudumu. Kila tikisiko la dunia humfikia mtu huyo kwanza: machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, utekaji nyara wa watalii Lamu mwaka 2011, tahadhari za usafiri za 2014 zilizowafanya Waingereza waondolewe Mombasa kwa ndege, na kufungwa kwa hoteli kutokana na virusi vya corona mwaka 2020.

Tukio moja linaeleza hali hiyo kuliko takwimu. Asubuhi ya Novemba 28, 2002, gari lililobeba bomu liligonga hoteli ya Paradise huko Kikambala, kusini mwa Kilifi, muda mfupi baada ya wageni kutoka Israeli kuwasili. Mbali na washambuliaji, watu 13 waliuawa. Watatu walikuwa Waisraeli na kumi walikuwa Wakenya, na miongoni mwa hao Wakenya walikuwamo wachezaji ngoma wa Kimijikenda waliokuwa wamesimama mlangoni kuwakaribisha wageni. Walikuwa mahali ambapo kazi yao iliwaweka.

CHUMVI, KOROSHO NA MAWE

Nje ya utalii, hali si tofauti sana. Kaskazini mwa Malindi, kutoka Ngomeni na Gongoni hadi Kurawa, makampuni ya chumvi yanamiliki maelfu ya ekari. Mnamo 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilifanya uchunguzi wa hadharani mjini Malindi kuhusu malalamishi ya wakazi wa Magarini, na ripoti yake ikatolewa mwaka uliofuata. Tume ilisikiliza ushahidi kuhusu watu waliofurushwa katika ardhi, visima vilivyoingiwa na maji ya chumvi, na vibarua waliochota chumvi bila viatu wala glavu za kutosha, pasipo mkataba wa maandishi. Kilichoonekana ni kwamba waliopoteza mashamba ndio waliogeuka vibarua juu ya ardhi ile ile.

Kiwanda cha korosho mjini Kilifi, kilichojengwa miaka ya 1970, kiliwahi kuwaajiri wenyeji kwa wingi, wakiwemo akina mama waliobangua na kuchambua korosho. Kilianguka katika miaka ya 1990. Serikali ilipiga marufuku mwaka 2009 uuzaji nje wa korosho ghafi ili kufufua ubanguaji nchini, lakini mikorosho mingi ilikuwa imezeeka na wakulima wamekata tamaa.

Kwa asiyepata hoteli wala kiwanda, kunabaki kugema mnazi, kuchimba mawe timboni, kuponda kokoto, kuendesha bodaboda au tuktuk, na kuvua kwa mtumbwi wa kukodi. Wanawake wengi wa Pwani wamekwenda Saudi Arabia na nchi jirani za Ghuba kufanya kazi za nyumbani. Serikali ilizuia safari hizo mwaka 2014 kufuatia habari za mateso, kisha ikaziruhusu tena 2017 kwa masharti mapya kwa mawakala. Marufuku hayakuongeza hata nafasi moja ya kazi Kilifi.

KITAMBULISHO KABLA YA CHETI

Kizingiti cha kwanza kwa baadhi ya vijana huja kabla ya shule na kabla ya ujuzi. Bila kitambulisho cha kitaifa, Mkenya aliyetimiza miaka 18 hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kufungua akaunti ya benki, wala kuandikwa kazi rasmi. Kwa jamii za Pwani zilizoshukiwa kuwa na asili ya nje, maombi yalipitia usaili wa ziada mbele ya machifu na wazee, pamoja na madai ya hati za babu ambaye hakuwahi kupewa hati.

Wapemba ndio mfano ulio wazi zaidi. Familia zao zilihamia fuo za Kilifi na Kwale vizazi kadhaa vilivyopita zikifuata samaki, lakini zikahesabiwa kuwa za kigeni. Mvuvi asiye na kitambulisho hakuweza kupata leseni kwa jina lake mwenyewe, hivyo alivua chini ya jina la mtu mwingine na kugawana naye mapato. Serikali iliwatambua Wapemba kuwa miongoni mwa jamii za Kenya mnamo 2023, na vitambulisho vikaanza kutolewa. Wamakonde wa Kwale walikuwa wamewatangulia, baada ya kuandamana kwa miguu hadi Nairobi mwaka 2016. Kijana Mpemba aliyepata kitambulisho akiwa na umri wa miaka 30 amebakiwa na miaka michache tu ya kuhesabiwa kijana, kwani Katiba inamaliza ujana kabla ya miaka 35.

Waata hawakunyimwa uraia, lakini walikosa kuhesabiwa. Waliondolewa katika misitu yao ya uwindaji Mbuga ya Tsavo Mashariki ilipoanzishwa mwaka 1948, na kwa muda mrefu waliandikwa pamoja na majirani zao. Jamii isiyo na jina katika orodha haiwezi kudai fungu lake la nafasi.

SHERIA INASEMAJE?

Kwenye karatasi, Kenya ina sheria zinazotosha. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya rangi, kabila, asili ya kijamii, dini, lugha na mengineyo. Kifungu cha 232 kinataka utumishi wa umma uakisi jamii zote. Sheria ya Utangamano na Uwiano wa Kitaifa ya 2008 inasema hakuna taasisi ya umma itakayokuwa na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja.

Tume iliyoundwa na sheria hiyo, NCIC, ilikagua utumishi wa serikali kuu mwaka 2011 na kubaini kwamba jamii tano, yaani Wakikuyu, Wakalenjin, Waluhya, Wakamba na Waluo, zilishikilia karibu asilimia 70 ya nafasi zote. Wamijikenda ni takriban asilimia tano ya Wakenya. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya 2013 nayo iliitaja Pwani kuwa mojawapo ya maeneo yaliyotengwa kiuchumi.

Ugatuzi ulioanza 2013 ulihamishia sehemu ya ajira kwa kaunti, na Kilifi ikapata nafasi ya kuajiri wauguzi, walimu wa chekechea, maafisa wa kilimo na makarani kwa hiari yake. Hapo mizani iligeuka. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za kuingilia kazini ziwaendee watu wasio wa jamii kubwa zaidi katika kaunti. NCIC ilipokagua kaunti zote 47, matokeo yaliyotolewa 2016 yalionyesha kwamba ni 15 pekee zilizotimiza sharti hilo. Sharti hili huwatatiza wengi Pwani. Kwa serikali kuu, Mgiriama ni wa jamii iliyoachwa nyuma. Katika kaunti yake, yeye ndiye mkubwa, na Mkambe, Mpemba, Muata au mtoto wa Mkamba aliyezaliwa Malindi ndiye anayepaswa kulindwa dhidi yake. Kauli ya "kazi za hapa ziwe za watu wetu" huwa tamu mikutanoni, ila kisheria haina miguu.

Kauli hiyo ina hatari nyingine pia, na Pwani inaifahamu. Mnamo Agosti 1997, kuelekea uchaguzi mkuu, magenge yalivamia Likoni na sehemu za Kwale yakiwasaka watu wa bara, na vikaratasi vilivyosambazwa viliwataka warudi kwao. Waliowapanga vijana hao waliwaahidi ardhi na kazi. Watu wengi waliuawa, maelfu wakakimbia makwao, na watalii wakatoroka, hivyo hata wale waliokuwa na kazi ya hoteli wakaipoteza. Miaka kumi na zaidi baadaye, kundi la Mombasa Republican Council lilikusanya wafuasi, wakiwemo vijana wa Kilifi, kwa malalamishi yale yale ya ardhi na ajira chini ya kauli kwamba Pwani si Kenya. Serikali ililiharamisha mwaka 2010. Mahakama Kuu mjini Mombasa ikaondoa marufuku hayo Julai 2012.

ELIMU IMEFIKA, KAZI JE?

Hoja kwamba vijana wa Kilifi hawakusoma inazidi kudhoofika, ijapokuwa haijaisha. Ganze na Magarini bado zina shule zinazokosa wanafunzi wakati wa njaa, na disko matanga za usiku zimelaumiwa kwa miaka mingi kwa kuwatoa wasichana masomoni. Lakini mjini Kilifi kwenyewe kuna Chuo Kikuu cha Pwani, kilichoanza kama chuo kishiriki mwaka 2007 na kupewa hadhi kamili 2013, na kila mwaka kinatoa wahitimu wa sayansi, ualimu na kilimo. Msomi asiye na kazi sasa ni mtu wa kawaida kijijini, na wazee wanaouza mbuzi kulipa karo wanamwona.

Mfano wa kutia moyo uko jirani na chuo hicho. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust, kilichoanzishwa Kilifi mwaka 1989, kimekuwa kikiwaajiri vijana wa maeneo hayo kwenda nyumba hadi nyumba kukusanya habari za afya, kwa kuwa kazi hiyo haiwezekani bila Kigiriama na Kichonyi. Lugha ambayo mahali pengine ni alama ya ushamba, hapo ni sifa ya kazi. Mahospitali, benki na mahakama yanayowahudumia watu wale wale hayajaiweka lugha hiyo katika matangazo yao ya nafasi.

Gharama ya kutafuta kazi nayo huchuja watu kabla ya usaili. Kwa muda mrefu mwombaji alidaiwa cheti cha maadili mema kutoka polisi, hati ya kodi, ya mkopo wa elimu na ya maadili ya umma hata kabla ya kuitwa. Mabadiliko ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022 yanamkataza mwajiri kudai hati hizo kabla ya kuamua kumwajiri mtu. Matangazo yanayozidai bado huonekana. Zaidi ya hapo kuna hongo, ambayo haimo katika sheria yoyote ila kila mtafutaji kazi anajua kiwango chake. Mkono mtupu haulambwi, husema wanaorudi kutoka usaili.

ANAYEBAGULIWA AFANYE NINI?

Sheria ya Ajira inampa mlalamishi nguvu moja ambayo wengi hawaifahamu. Mtu anapodai mahakamani kwamba alinyimwa kazi, cheo au malipo sawa kwa sababu ya kabila, rangi au asili yake, ni mwajiri anayetakiwa kuthibitisha kwamba ubaguzi haukutokea. Malalamishi yanaweza kupelekwa kwanza kwa afisa wa leba, au kwa NCIC, au kwa Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi huketi Malindi pia, kwa hivyo si lazima kusafiri hadi Mombasa. Kesi ya ajira sharti ifunguliwe kabla ya miaka mitatu kupita tangu jambo linalolalamikiwa kutendeka.

Kibarua wa chumvi au wa hoteli ana kinga nyingine. Aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja, au aliyepewa kazi isiyoweza kumalizika kabla ya miezi mitatu, anaweza kuhesabiwa na mahakama kuwa mfanyakazi wa mwezi, mwenye haki ya ilani, likizo na siku ya mapumziko. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi lazima uandikwe, na jukumu la kuuandika ni la mwajiri. Asipoutoa mahakamani, ni yeye anayepaswa kupinga masharti ambayo mfanyakazi anayadai.

Kinachokosekana mara nyingi ni ushahidi kwamba mtu alikuwa kazini. Daftari la zamu huwa mikononi mwa msimamizi, na malipo hutolewa taslimu langoni jioni. Siku hizi wafanyakazi wengi hulipwa kupitia M-Pesa, na jumbe hizo za simu, zikihifadhiwa pamoja na tarehe zake, zinaonyesha nani alimlipa nani, kiasi gani na kwa muda gani.